Picha Zilizopotea, Sauti Zilizobaki: Sinema za Kale katika Nyimbo za Mombasa

Mwaka 1981, katika hospitali moja ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo, yalikutwa makopo ya filamu yaliyokuwa yamesahauliwa kwa miaka mingi. Ndani yake mlikuwamo nakala ya filamu ya Carl Dreyer juu ya Joan wa Arc, iliyotolewa mwaka 1928, ambayo wataalamu walikwisha kuamini kwamba umbo lake la asili liliteketea kwa moto. Mwaka 2008 ikatokea kadhia nyingine ya jinsi hiyo huko Buenos Aires: jumba la makumbusho ya sinema lilionekana kuwa na nakala ya *Metropolis* ya Fritz Lang yenye sehemu zilizokuwa zimepotea tangu siku za mwanzo za filamu hiyo, iliyotoka mwaka 1927. Habari za namna hii huwafurahisha wapenzi wa sinema kote duniani, na ni haki yao kufurahi. Lakini zimejenga dhana moja isiyofaa kupokelewa pasipo kuhojiwa, nayo ni kwamba filamu ya kale hukaa mahali pamoja tu, yaani ndani ya kopo, na kwamba asiye na kopo hana cha kugundua.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika mwambao wa Afrika ya Mashariki, hasa Mombasa na vitongoji vyake vya ng'ambo kama Magogoni, filamu za kale zilipata hifadhi nyingine. Zilihifadhiwa katika nyimbo za Kiswahili. Na kwa kuwa wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hawakulitazama jambo hili kwa makini, hasara imekuwa ya pande mbili: historia ya sinema imekosa ushahidi, na elimu ya arudhi nayo imekosa maelezo ya mambo yaliyokuwa mbele ya macho yake.

Magogoni inayozungumzwa hapa ni ile ya Kisauni, kaskazini ya kisiwa cha Mvita, wala si ile ya Dar es Salaam iliyo mkabala na Kigamboni, wala ile ya Lamu. Kwa muda mrefu Kisauni ilikuwa nchi ya mashamba ya minazi na miembe, na aliyetaka kufika mjini alivuka Daraja la Nyali. Daraja la kwanza, lililofunguliwa mwaka 1931, lilikuwa likielea juu ya maji, na lilikuwa la kulipia. La pili, la saruji, lilifunguliwa mwaka 1980, na baada ya hapo nyumba za Kiswahili zilisongamana Magogoni, nyingi zikijengwa juu ya ardhi isiyokuwa ya wenye nyumba. Majumba ya sinema yenye sifa, kama Regal, Naaz na Lotus, yalikuwa kisiwani. Kwa hiyo mkazi wa ng'ambo hakuwa mtu wa kupita tu akavutiwa na bango. Alikusudia safari, akavuka maji, akaona picha mara moja au mbili, kisha akarudi nayo nyumbani kichwani mwake. Hakuwa na njia nyingine ya kuimiliki.

Picha zenyewe zilitoka sehemu nyingi. Za Marekani zilikuwako, za Uingereza zilikuwako, na za Misri pia. Waimbaji wa Cairo kama Mohamed Abdel Wahab, aliyetokea katika filamu mwaka 1933, na Umm Kulthum, aliyemfuata mwaka 1936, walijulikana mwambao kwa santuri na kwa sinema kwa pamoja. Hata hivyo, katika miaka ya 1950 na 1960, zilizotamalaki ni za Bombay. *Awara* ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ilipendwa Unguja, Dar es Salaam na Mombasa kwa kiasi ambacho wazee bado hukitaja. Na *Mother India* ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, ilirudishwa majumbani mara kwa mara. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya watazamaji wa sinema wa Tanzania, ameeleza kwa kirefu jinsi watu wasiojua Kihindi walivyofuata visa hivi kwa saa tatu nzima, wakatoka wakivijadili. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyoitwa zanana, na aliyehudhuria aliwasimulia wenziwe waliobaki nyumbani. Baraza ilikuwa jumba la pili la sinema.

Jambo hili lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu wakati huo huo serikali za kikoloni zilikuwa zikifundisha kinyume chake. Mabwana waliosimamia sinema za makoloni, mashuhuri miongoni mwao akiwa William Sellers, aliyefanya kazi Nigeria kisha katika Colonial Film Unit iliyoundwa mwaka 1939, walishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha iendayo mbio. Apewe picha ya polepole, isiyo na hila za kamera, yenye somo moja tu. Nadharia hiyo ilichapishwa, ikafuatwa, ikagharimiwa. Yumkini mtu yeyote aliyeketi usiku mmoja katika jumba la sinema la Mombasa wakati *Awara* inaonyeshwa, yenye ndoto zake, kumbukumbu zake za nyuma na mahakama yake, angeona kwamba nadharia ile haikuwa na msingi.

Kabla ya Sellers kulikuwa na majaribio ya Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe. Haya yanastahili kukumbukwa zaidi na wanafunzi wa Kiswahili, maana ni miongoni mwa mara za kwanza lugha hii kutumiwa kwa mpango katika sinema. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Leslie Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, waliendesha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35. Utepe ulikuwa bubu. Maneno, yakiwamo ya Kiswahili, yalitiwa katika santuri na kuchezwa pamoja na picha. Ya kwanza ilihusu benki ya akiba ya posta: mtu mmoja aweka fedha zake benki, mwenziwe azifukia ardhini zikaibwa. Nyingine iliitwa *Gumu*, nayo ilikuwa ya kijana aliyetoka kijijini akaenda mjini, akaharibika. Lori lilizunguka nchi kadhaa likizionyesha usiku, na watu wengi walizitazama. Mradi ulipokwisha, wenyewe waliandika kitabu, kilichotoka mwaka 1937. Katika filamu zile 35, zinazojulikana kuwa zimesalia katika hazina ya British Film Institute ni 3: ya safura, ya mafunzo ya mifugo, na ya mashamba ya Kingolwira. *Gumu* haimo.

Inafaa kuziweka *Gumu* na *Awara* pamoja, kwa kuwa visa vyao vina udugu. Vyote viwili ni vya kijana anayeharibikiwa na mji. Kimoja kilitengenezwa kwa ajili ya watu wa Afrika ya Mashariki, katika nchi yao. Kingine kilitengenezwa Bombay, kwa lugha wasiyoisema, na watu wasiowajua. Cha kwanza kimetoweka. Cha pili kinajulikana hata na watu waliozaliwa miaka 20 baada ya kutoka kwake, na baadhi yao wanajua sauti yake pasipo kujua kwamba ni sinema. Sababu haiwezi kuwa ubora wa nakala, wala fedha za Bombay peke yake. *Gumu* ilimwambia mtazamaji abaki kijijini. *Awara* ilimwuliza hakimu kama mwizi huzaliwa au hufanywa, ikampa mwizi wimbo wa kuimba. Swali hili la pili linaweza kuchukuliwa nyumbani. Amri haichukuliki.

Isidhaniwe kwamba kila filamu ya serikali ilikufa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza michezo ya Kiswahili kama *Muhogo Mchungu*, *Chalo Amerudi* na *Meli Inakwenda*. Mchezaji mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, na tena kuanzia 1972 hadi 1977. Filamu hizi zilichekesha, na zilisemwa kwa Kiswahili cha watu. Leo si rahisi kuziona; lakini jina la Muhogo Mchungu halikufa, na mchekeshaji mmoja wa Tanzania alikuja kulivaa miaka mingi baadaye hata likawa lake. Hapa napo kilichodumu ni neno.

Ama zile filamu za Waingereza na Wamarekani zilizojivika majina ya mwambao, kama *West of Zanzibar* ya Harry Watt ya mwaka 1954 na *Beyond Mombasa* ya George Marshall ya mwaka 1956, hizo hazikupotea; nakala zake zinauzwa. Mwenye kutaka kuona Mombasa ya zama zile azitazame, akiwa tayari kuvumilia wawindaji na watu-chui. Hazikuacha katika nyimbo za mji alama inayolingana na ile ya picha za Bombay.

Alama hiyo ilipitia taarabu. Mombasa palikuwa na mikondo kadhaa ya taarabu: wa Kiarabu wa udi, ambao Zein l'Abdin wa Lamu aliufikisha daraja ya juu, wa chakacha na ngoma za wanawake, na ule uliokuja kuitwa wa Kihindi. Bingwa wa mkondo huu wa tatu alikuwa Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Bhalo alichukua sauti za nyimbo za filamu, akaziimba kwa maneno ya Kiswahili, kwa kinanda na tabla, katika harusi na mikesha ya kisiwani na ng'ambo. Maulidi Juma naye aliimba sauti za Kihindi pamoja na chakacha. Baadhi ya maneno ya Bhalo yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi ambaye diwani yake *Malenga wa Mvita* ilitoka mwaka 1971 na kusomwa mashuleni kote Kenya na Tanzania. Kwa maneno mengine, kalamu ile ile iliyokuwa ikifundishwa darasani kuwa kielelezo cha ushairi safi wa Kimvita ilikuwa pia ikitunga kwa ajili ya sauti za sinema. Wahakiki walilijua jambo hili, na aghalabu walilipita kimya.

Ukimya huo una sababu. Kwa wengi, kuazima sauti ya filamu kulikuwa kuiga, na kuiga hakukuonekana kustahili uchambuzi. Lakini mtu akichunguza kazi yenyewe ataona kwamba kutia maneno ya Kiswahili katika sauti ya Kihindi ni kazi ngumu ya arudhi. Wimbo wa filamu wa miaka hiyo una sehemu ya kwanza, iitwayo mukhda, ambayo hurudiwa kama kiitikio, kisha beti ziitwazo antara, ambazo huwa na mwendo mwingine. Urefu wa vipande vyake huamuliwa na mpigo wa ngoma na pumzi ya mwimbaji. Ushairi wa Kiswahili, kwa upande wake, umezoea mizani 8 katika ukwapi na 8 katika utao.

Ichukuliwe mistari ya kubuni kwa ajili ya mfano. *Ewe ndege wa angani, ndoo utue mtini*: mizani 8 kwa 8, na kila mwalimu atairidhia. Lakini sauti ya filamu ikitaka kipande cha mapigo 7 na kingine cha 5, mtunzi hana budi kuvunja umbo hilo na kusema, kwa mfano, *Ndege uliye juu, nambie lini*. Akiimba, mstari umekamilika. Silabi ya mwisho ya *juu* huvutwa na kinanda, na nafasi inayobaki katika *lini* hujazwa na zumari au fidla. Akiandika katika karatasi, mstari huo huo unaonekana umepunguka. Mwalimu wa arudhi atauita guni.

Hapa ndipo suala linapogusa moja kwa moja mjadala uliowashughulisha washairi na wahakiki katika miaka ya 1970. Upande mmoja ulisimama juu ya kanuni alizozieleza Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, na upande wa pili ukazikataa, kama ilivyodhihirika Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974. Kila upande ulikuwa na hoja zake. Ila pande zote mbili zilibishana juu ya shairi la karatasini, ingawa Amri Abedi mwenyewe alihesabu kuimbika kuwa sharti la ushairi. Hakuna aliyeuliza shairi lile liimbike kwa sauti gani. Wakati ubishi huo ukiendelea katika kumbi za vyuo vikuu, watunzi wa Mombasa walikuwa wamekwisha kutunga, kwa miaka mingi, beti zenye mizani isiyo ya kawaida zilizo na urari kamili. Kanuni ya urari huo haikuwa katika kitabu cha Amri Abedi wala katika uhuru wa Kezilahabi. Ilikuwa katika filamu.

Kutokana na hayo, njia ya utafiti inayofaa ni ya kurudi nyuma: kuanza na wimbo, kuhesabu vipande vyake, kusikiliza sauti yake, kisha kuitafuta filamu iliyoizaa. Mara nyingi itapatikana, kwa kuwa India ilianzisha hifadhi yake ya taifa ya filamu huko Pune mwaka 1964, na nyimbo za santuri zilisambazwa sana. Lakini hata India imepoteza mengi. *Alam Ara* ya mwaka 1931, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, haina nakala hata moja inayojulikana kuwako. Haiwezekani kuliondoa kabisa wazo kwamba katika kanda kuukuu za Kisauni mna sauti ya filamu fulani ndogo, isiyo na mchezaji wa sifa, ambayo Bombay yenyewe haikumbuki tena. Wazo hilo halina ushahidi bado, na lisitiliwe chumvi. Lakini haliwezi kuthibitishwa wala kukanushwa pasipo kusikiliza.

Kusikiliza nako kuna shida zake. Nyimbo hizi zilitoka kwanza katika santuri, baadhi kwa chapa ya Mzuri ya nyumba ya Assanand ya Mombasa, kisha kwa wingi mkubwa katika kanda, nyingi zikiuzwa na Mbwana Radio Service. Kanda zilinakiliwa kutoka kanda nyingine, na harusi nyingi zilirekodiwa na watu wa nyumbani kwa redio ndogo iliyowekwa mbele ya spika. Utepe huoza kwa joto na chumvi ya pwani. Video zilipoingia katika miaka ya 1980 zilibadili mambo tena: Minou Fuglesang, katika utafiti wake wa Lamu uliochapishwa mwaka 1994, aliwaona wasichana wakitazama picha za Kihindi nyumbani, wakijifunza mavazi na namna za mapenzi. Mwenye kanda ya video hakuhitaji tena kuibeba filamu kichwani. Majumba ya sinema ya kisiwani yakafungwa moja baada ya jingine.

Kuna kasoro moja ya hazina hii ambayo haina budi kutajwa. Wimbo huhifadhi sauti na mpangilio wa vipande, hauhifadhi kisa. Mara nyingi maneno ya Kiswahili yaliachana kabisa na yale ya filamu. Sauti ya kijana anayemsubiri mpenziwe chini ya mvua huko Bombay iliweza kuwa Mombasa wimbo wa kumwonya jirani mwenye ulimi mrefu, au wasia kwa bibi harusi. Kwa hiyo anayetafuta filamu kwa kufuata maana ya maneno atapotea njia tangu hatua ya kwanza. Wala kasoro hii si ya kulaumiwa, kwa sababu kazi ya mtunzi haikuwa kutafsiri. Alikuwa na harusi mbele yake, wasikilizaji waliotaka mafumbo, na sauti ambayo nusu yao waliijua tangu jumba la sinema; ladha ilikuwa katika kusikia sauti ya Nargis ikitoka na maneno ya Kuze.

Na hapa pana tofauti kati ya Mombasa na Oslo. Makopo yale ya hospitali yalikuwa na filamu nzima ndani yake, na aliyeyafungua hakuhitaji mtu wa kumweleza zaidi. Kanda ya Magogoni huandikwa juu yake jina la mwimbaji, pengine namba, pengine jina la harusi. Jina la filamu haliandikwi kamwe, kwa sababu wakati huo lilijulikana na kila mtu. Lilikuwa katika vichwa vya wale waliovuka daraja la kuelea kwenda kuitazama. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 *Awara* ilipokuwa mpya sasa amepita 90.